Wema, Amri na Mizani

Liko swali moja ambalo mwanafunzi wa falsafa hulipokea mapema katika masomo yake, hulijibu upesi, na baada ya miaka mingi hulikuta likimngoja njiani. Swali lenyewe ni hili: kama Mungu hayuko, je, wema na ubaya vingali vitu vya kweli, au vimekuwa mazoea tu, kama mazoea ya kula kwa mkono wa kuume? Wapo wasemao kwamba pasipo Mungu hapana wajibu umfungao mtu, ila hofu ya polisi na haya ya jirani. Wapo wasemao kwamba wema una miguu yake wenyewe. Mimi nimeyasema maneno yote mawili kwa nyakati mbalimbali, na kila nilipoyasema nilikuwa na hakika kubwa. Kilichoniondoa katika hakika hizo si kitabu. Ni fedha za watu wengine. Kwa hiyo sina budi kuanza na habari ya fedha hizo, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana katika mji mdogo wa mrima, kusini ya Tanga. Nilipanga chumba katika nyumba ya makuti, na chumba cha pili alikaa mzee mmoja aliyeshona nyavu za wavuvi. Katika miaka ya 1950 mzee huyo alikuwa karani wa mizani katika duka la mnunuzi wa mbata. Wakulima walishuka na magunia yao kutoka mashamba ya minazi; yeye alipima, akaandika, akalipa. Siku zile mbata ilipimwa kwa ratili na frasila, na katika duka lile frasila moja ilihesabiwa kuwa ratili 35. Jiwe la frasila lililotumika lilikuwa limebandikwa risasi chini yake, likazidi uzito wake kwa ratili mbili. Mkulima alitoa ratili 37, akaandikiwa 35. Mzee aliniambia kwamba tajiri wake hakumwamuru kulitumia jiwe lile hata siku moja. Alilikuta mahali pake, akalijua, akalitumia. Na tajiri alimsifu kila jioni hesabu zilipokuwa nzuri.

Mzee huyu hakuwa mtu wa dini. Msikitini hakuenda, na mwezi wa Ramadhani alivuta tumbaku yake mchana bila ya kujificha. "Mwalimu," aliniambia usiku mmoja, "taa ikizimwa haiendi mahali. Imezimwa." Aliamini hivyo juu ya mtu pia. Walakini kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba katika mkebe wa maziwa, na mkebe ulipojaa aliniletea mimi, kwa kuwa nilikuwa na sanduku lenye kufuli na jina la mwalimu. Tulihesabu pamoja. Zilikuwa shilingi 8,400, zaidi ya mshahara wangu wa miezi sita. "Hizi si zangu," alisema. "Ni za watu wa mbata. Wengi wamekufa, lakini kijiji kipo." Akanitajia kijiji cha juu ya mto walikotoka wengi wa wale aliowapunja, akaniomba nizipeleke yeye atakapokuwa hawezi. Nilimwuliza kwa nini alijisumbua hivyo, naye hamwogopi yeyote wa kumhukumu. Alinitazama kama mtu asiyelielewa swali. Akajibu, "Kwa sababu ni zao."

Alifariki baada ya masika ya mwaka 1985. Hapakuwa na hati wala shahidi. Mimi ni mwana wa mwalimu wa chuo. Nilikuwa nikisali sala tano, na uovu wa kupunja nilikuwa nikiujua tangu utoto, maana Kurani ina sura nzima iliyopata jina lake kwa wapunjao vipimo. Fedha zile nilizila. Sikuzila siku moja. Kwanza nilikopa nauli ya kwenda kumwona mama mgonjwa, kwa nia ya kurudisha. Kisha nilikopa tena kwa ajili ya harusi yangu. Na ulipofika mwisho wa mwaka 1986 sanduku lilikuwa na kufuli tu. Hoja zangu zilikuwa safi. Wenye haki hawajulikani. Aliyeusia alikuwa hana dini. Mungu ni mwingi wa msamaha, nami nitatubu. Naomba msomaji aitazame hoja hii ya tatu, jinsi ilivyofanya kazi. Kwa kuwa niliamini kwamba kosa langu ni kwa Mungu, niliona kwamba ni shauri la kusuluhishwa baina yangu naye, na watu wa mbata wakatoka katika shauri.

Sitaki habari hii ithibitishe zaidi ya iwezavyo. Kwamba asiyeamini aliweza kuwa mwaminifu, na mwenye kusali akaweza kuwa mwizi, ni jambo linaloonekana katika kila mji. Na kinyume chake huonekana pia, pengine mara nyingi zaidi. Lakini jambo hilo halijibu swali letu. Swali si kama mtu aweza kutenda wema pasipo kumwamini Mungu. Hilo analijua kila mwenye jirani. Swali ni kama neno la yule mzee, kwamba fedha ni zao, lingekuwa kweli hata kama Mungu hayuko. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hata watu wasiopewa torati wanayo mioyoni mwao. Mwenye imani aweza kusema hivyo juu ya mzee wangu: aliisoma barua, akamkana mwandishi. Hoja hiyo ina nguvu, wala haivunjwi kwa kicheko.

Nilipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu mwaka 1988 nilikutana na mazungumzo ya Plato yaitwayo Euthyphro. Kila mwanafunzi hukumbuka swali la Socrates lililomo: jambo takatifu ni takatifu kwa sababu miungu hulipenda, au miungu hulipenda kwa sababu ni takatifu? Ukichagua la kwanza, miungu ikipenda mauaji, mauaji yatakuwa matakatifu. Ukichagua la pili, utakatifu ulikuwako kabla ya mapenzi ya miungu, nayo huutambua tu kama tuutambuavyo sisi. Mtego huu husifiwa sana, na wastahili. Lakini mimi nilishikwa na jambo jingine. Euthyphro alikuwa amekwenda kumshitaki baba yake mzazi. Kibarua wao mmoja, huko Naxos, alilewa, akamwua mtumwa wa nyumba. Baba alimfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuwauliza wajuzi wa mambo ya dini afanyweje. Kabla ya jibu kurudi, kibarua alikufa kwa njaa na baridi. Nilirudia kusoma mara kadhaa, nikaona kwamba kila kibarua huyo anapotajwa hutajwa kama mfano wa hoja. Jina lake hatulijui, wala hatujui kama alikuwa na watu wa kumlilia. Baba alingoja amri itoke kwa wenye dini, na huku mtu anakufa.

Kitabu kile kilitosha kunitoa katika imani kwa muda, lakini hakikunifanya nilipe. Nilifuata njia ya Ivan katika riwaya ya Dostoyevsky ya Ndugu wa Karamazov, iliyotoka kamili mwaka 1880, yule aonaye kwamba pasipo Mungu na uzima wa milele kila jambo laruhusiwa. Kama hakuna wa kuamuru, nilijiambia, basi "ni zao" ni sauti tu itokayo kinywani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: nilipoamini nilikuwa na sababu ya kutolipa, na nilipoacha kuamini nilikuwa na sababu nyingine. Mtu anayepata jibu moja kutoka kwa hoja mbili zipingazo hana budi kumshuku mwenye kuuliza.

Swali la Socrates halikubaki Ugiriki. Waislamu wa Basra na Baghdad waliligombania kwa karne kadhaa. Wamuutazila walisema kwamba akili hujua ubaya wa dhuluma kabla ya wahyi kuusema, na Kadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki mwaka 1025, aliandika mengi kuitetea rai hiyo. Abu'l-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wao kabla ya kuwaacha, alishika kinyume: uwongo ni mbaya kwa kuwa Mungu ameuhukumu kuwa mbaya, na kama angaliuamrisha, hapana ambaye angalikuwa na neno. Wanazuoni wengi wa pwani yetu, ambao ni Mashafii, wameifuata njia ya al-Ash'ari katika itikadi, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Haifai kuidharau rai hii. Al-Ash'ari alichelea jambo la haki, yaani mwanadamu kumsimamisha Mungu kizimbani na kumhukumu kwa akili yake fupi. Ajabu yangu ni kwamba sikupata kumwona mfuasi wake aliyeishi kwa rai hiyo sokoni. Baba alipomkuta mwuza nazi akimdhulumu mtoto chenji yake, alikasirika papo hapo, na alikasirika kwa ajili ya mtoto. Aya ilikuja baadaye, kwa ajili ya kumsomea mwuza nazi.

Kuna jibu la tatu, na kwa maoni yangu ndilo bora katika majibu ya wenye imani. Wema haukuwekwa kwa amri ya Mungu, wala hauko juu yake. Wema ni tabia yake mwenyewe, na mambo mengine huwa mema kwa kadiri yafananavyo naye. William Alston, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa mfano wa fimbo ya chuma iliyokuwa kipimo cha mita: fimbo ile haikuwa na urefu wa mita kwa kulingana na kitu kingine, yenyewe ndiyo iliyokuwa mita. Mimi, kwa ajili ya karani wangu, hupenda kulitazama jiwe la kilo. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa silinda moja ya madini ya platini na iridi, iliyohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Kwa kanuni silinda hiyo haikuweza kukosa, maana kilo ilikuwa ni uzito wake. Katika ukaguzi uliofanywa kati ya mwaka 1988 na 1992 ililinganishwa na nakala zake, ikaonekana kwamba katika muda wa karne moja zilikuwa zimeachana kwa kiasi cha maikrogramu 50. Kwa kanuni, nakala ndizo zilizozidi. Lakini wataalamu hawakuridhika na jibu hilo, kwa kuwa yamkini silinda yenyewe ndiyo iliyopungua. Mbele ya kipimo kisichoweza kukosa waliweza kuuliza kama kimekosa, na swali lao lilikuwa na maana. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kitu kimoja kilichofungiwa kabatini, bali thamani ya maumbile isiyobadilika, iitwayo kwa jina la Max Planck.

Mwenye imani atanijibu kwamba Mungu hachakai kama madini. Kweli. Walakini tusemapo kwamba Mungu ni mwema, twamsifu. Hatusemi tu kwamba Mungu ni sawa na Mungu. Ili sifa hiyo iwe sifa, hapana budi tuwe na maarifa fulani ya wema kabla ya kuitamka, na nadhani maarifa hayo twayapata pale alipoyapata karani, mbele ya mtu aliyeshika gunia tupu na fedha pungufu. Atajibu tena kwamba kujua ni jambo moja na asili ni jambo jingine, maana mtu huujua mto kabla ya kuijua chemchemi yake. Nakubali. Hapo hoja zangu zilikwama kwa miaka, wala sidai kwamba nimezikwamua zote.

Nililolishika ni dogo kuliko hayo. Ukiuliza kwa nini fedha zile zilipaswa kurudishwa, jibu ni kwamba wakulima walipanda minazi, wakaangua, wakapasua, wakakausha, na ratili mbili katika kila frasila zilichukuliwa kwao kwa hila. Ukiongeza kwamba Mungu ameamrisha zirudishwe, umeongeza jambo kubwa, lakini hukuiondoa sababu ya kwanza mahali pake, wala hukuipa uhai ambao haikuwa nao. Sheria ya dini yangu yenyewe yakiri hivi, na aibu yangu ni kwamba nilifundishwa nikiwa mtoto: haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake, mpaka arudishiwe mwenyewe au asamehe mwenyewe. Maana yake ni kwamba hata katika baraza la Mungu mwenye kudai ni mkulima. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwamba Waakan, ingawa wanamwamini Muumba, hawautoi wema katika amri yake, bali huupima kwa masilahi ya binadamu. Sisi nasi tuna neno utu, tunalomsifia mwenye dini na asiye na dini bila ya kuwauliza. Neno peke yake si ushahidi. Lugha yaweza kukosea kama mtu akoseavyo. Lakini nilipolikumbuka jibu la mzee, maneno yale manne, niliona kwamba sikuwa na la kumwongezea.

Mwaka 1990 niliazimia kulipa. Niliweka akiba kidogo kidogo hata hesabu ikatimia shilingi 8,400, nikaona wepesi moyoni. Wepesi huo haukumaliza wiki. Fedha yetu ilikuwa imeporomoka: mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 17 hivi, na mwaka 1990 ilikuwa ikikaribia 200. Shilingi nilizoziweka zilikuwa na sura ya zile nilizopewa, uzito hazikuwa nao. Nilikuwa karibu kuwapimia watu wale kwa jiwe la pili. Nilitafuta hukumu. Mwanachuoni mmoja aliniambia nilipe idadi ileile, mwingine aliniambia nilipe thamani. Rafiki yangu mwanasheria aliniambia, kwa furaha, kwamba hapana awezaye kunidai hata senti. Amri iliyo wazi sikuipata, na nilitamani mno rai ya kwanza iwe ndiyo sahihi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu havikuwa vimenifunza: kutamani kwangu hakukubadili kitu. Jibu lilikuwako nje yangu, kama uzito wa gunia ulivyo kabla halijatundikwa. Nilikwenda sokoni nikauliza bei ya mbata, nikakadiria deni kwa mbata badala ya noti. Ikanichukua miaka mitatu mingine kulitimiza.

Nilikipandia kijiji kile mwaka 1993. Wazee walinikaribisha barazani, nikawaeleza yote, ya karani na ya kwangu. Nilidhani nawaletea habari. Mzee mmoja alicheka, akasema kwamba jiwe lile walilijua. Hapakuwa na duka jingine la karibu. Kisha walinyamaza kidogo, wakaanza kutaja majina ya waliokuwa wakishuka na mbata siku zile, na wana wao, na wajane wao. Fedha ziligawanywa kwa majina hayo. Bibi mmoja aliniuliza fungu la mumewe ni kiasi gani.

"Sijui, bibi," nilimjibu.

"Lakini lipo," alisema.

Lilikuwapo. Ratili alizopunjwa mumewe zina idadi yake kamili, ingawa karani amekufa na daftari limeliwa na mchwa. Nakiri kwamba hapa ndipo nimhitajipo Mungu: si ili punjo liwe punjo, bali ili lisipotee kama kwamba halikutendeka. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1788, aliutanguliza wajibu na kuliweka tumaini la Mungu nyuma yake, na naona alipanga vizuri. Nimerudi kusali. Siwezi kumthibitishia mtu kwamba tumaini hilo ni la kweli. Mzee wangu hakuwa nalo, na mkebe aliujaza.

Nilikadiria fungu la bibi yule kama nilivyoweza, nikamtajia, nikampa. Alizihesabu noti mbele yangu, polepole, akilowesha kidole. Alipofika mwisho alikuta mbili zimegandana. Aliniambia kwamba moja imezidi, akanirudishia.